Sanduku la Saa Sita

Mama mkwe alinipa zawadi, nikaipokea, nikamshukuru hadi machozi yakanilenga. Hiyo ndiyo aibu ninayokuja kuisema leo. Aibu zote nilizowasimulia huko nyuma nilitendewa na watu. Hii nilijitendea mwenyewe, tena nikiwa nimepiga magoti.

Kwa ambaye ndiyo kwanza analishika gazeti hili: mimi ni Mirtha Saucedo, mtu wa Santa Cruz, kwenye joto na ardhi tambarare. Nilipanda basi kwenda La Paz, kule milimani, kutambulishwa kwa mama wa mchumba wangu, Grover Callisaya. Basi likakwama kwenye kizuizi cha waandamanaji, tukalala barabarani kama magunia. Nilipofika, hewa ya kule juu ikanikataa. Nikazimia kwenye ngazi za mtaa wao, mbele ya mbwa na majirani.

Mama mkwe, Doña Eusebia, akanilaza kwenye chumba cha kazi, katikati ya majogoo ya plasta yanayosubiri rangi. Familia ile hutengeneza vitu vidogo vya sikukuu ya Alasita. Halafu gauni langu la njano, nililoshona kwa ajili ya siku ya kuposwa, likatoweka kwenye kamba ya nguo. Nikaambiwa upepo umelichukua.

Nikaamini. Upepo kule upo kweli.

Sasa ikafika Alasita yenyewe. Siku hiyo La Paz nzima hununua kwa udogo kile inachokitaka kwa ukubwa: nyumba ya kukaa kiganjani, lori la kukaa kwenye kidole, gunia la mchele lisilojaza kijiko. Ikigonga saa sita mchana unakipeleka kwa mganga akifukize, na mwaka hauishi kabla hujakipata. Ila ulichojinunulia mwenyewe kina nguvu kidogo. Chenye nguvu ni cha kupewa, na ukipewa hukatai. Hata kwetu Santa Cruz tunayafanya hayo, lakini kwa kuchekacheka. Kule hawacheki.

Grover alikuwa ameniahidi jambo moja.

"Saa sita, mbele ya mama, nakupa maharusi," aliniambia.

Maharusi ni wanasesere wawili, bibi na bwana, wameshikana mikono. Mwanamume akikupa hao mbele ya mama yake, umeshaolewa. Kinachobaki ni bendi na bia. Hicho ndicho nilichokuwa nakisubiri. Kwa ajili ya hicho nilivumilia supu ya baridi na maneno ya moto.

Asubuhi ya siku hiyo Doña Eusebia aliniita mwanangu.

Niligeuka kutazama nyuma, nikidhani kuna mtu mwingine ameingia. Tangu nifike aliniita "camba", jina wanalotubandika sisi watu wa mashariki, na alivyolitamka ungedhani anatema kokwa.

"Mwanangu, umeamkaje?"

"Salama, mama. Kichwa kimepoa kidogo."

"Kunywa chai ya koka, ikutie nguvu. Leo utasimama sana."

Nieves, wifi yangu, alikuwa anayafunga majogoo kwenye magazeti. Akabetua mdomo.

"Camba leo ameamka na mapafu yote mawili?"

"Moja tu, wifi. Lingine nimekuachia wewe, naona unaongea bila kupumua."

"Usimtanie," Doña Eusebia akasema. "Leo ni siku yake."

Moyo ukaniruka kwa furaha. Nikamfuata Grover uani, alikokuwa anafunga maboksi kwa kamba.

"Umewaweka?"

"Akina nani?"

"Maharusi, Grover."

"Mirtha, nina maboksi hapa. Saa sita haijafika."

"Nauliza tu."

"Wapo," akasema, akakaza fundo.

Hakuinua uso. Nikajiambia ni kazi imemzidi. Mwanamke aliyependa ni hodari wa kujiambia mambo.

Kibanda chao kiko karibu na mlango wa juu wa uwanja wa Alasita, mahali wanapopita watu wengi. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, tope limejaa kila mahali, lakini nani anajali tope siku hiyo. Watu walifurika. Mimi nilipewa kazi ya kufuta vumbi majogoo. Nilikuwa nimeyapaka macho majogoo hayo mwenyewe, kwa mikono inayotetemeka, na mengi yalitoka makengeza.

Akaja dada mmoja wa makamo, mwenye miwani, akamchukua jogoo na kumgeuzageuza. Jogoo hupewa mwanamke anayetaka mume.

"Namnunulia rafiki yangu," akasema haraka.

"Huyo rafiki yako, tangu mwaka juzi hajampata tu?" Doña Eusebia akamuuliza.

Watu wakacheka. Yule dada akaona haya, akatafuta kasoro.

"Mbona huyu ana makengeza?"

"Ndiye wa kumfaa rafiki yako. Hatamwona vizuri."

Vibanda vyote vya jirani vikaangua kicheko. Yule dada akalipa, akaondoka na jogoo kifuani huku masikio yamemwiva. Nami nilicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka pamoja na mama mkwe, nikajiona nimeanza kuwa mtu wa nyumba ile.

Saa sita ilipokaribia, Grover akavua aproni.

"Naenda kumtafutia mganga makaa," akasema.

"Usichelewe," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa tu, akapotea kwenye msongamano.

Mganga wetu alikuwa ameketi pembeni ya kibanda, chetezo mbele yake, chupa ya pombe kali na kikapu cha maua vikiwa ubavuni. Watu walikuwa wameshaanza kusukumana, huyu na nyumba yake, yule na gari lake. Nikawa natazama njia aliyopita Grover hadi shingo ikaniuma.

"Mama, Grover mbona hatokei?"

"Anakuja. Wewe piga magoti usije ukapitwa na saa sita kwa kutazama njia." Akafungua sanduku la fedha, akatoa kitu kilichofungwa kwa gazeti. "Lakini kwanza pokea hii. Ni kutoka kwangu."

Nikafungua gazeti. Ndani mlikuwa na sanduku la safari, dogo, la ngozi halisi, lenye kufuli la shaba lisilozidi punje ya mchele. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Yule mama ana roho mbaya, lakini mikono yake ni ya fundi.

Jamani, nilifikiria nini? Nilifikiria fungate. Aliyepewa nyumba hupata nyumba, aliyepewa sanduku husafiri. Na nani husafiri baada ya kuposwa kama si maharusi? Nikaona mama mkwe ameridhia, tena anatuaga kwa heshima.

"Asante, mama. Asante sana. Sikujua..."

"Ndiyo, hukujua. Usilifungue. Likishafukizwa ndipo lifunguliwe."

Nikapiga magoti kwenye tope. Mganga akalishika sanduku, akaligeuza.

"Unaomba nini, binti?"

"Safari, baba."

"Unaitaka lini?"

"Isichelewe."

"Sema kwa moyo."

Nikafumba macho, nikasema kwa moyo. "Safari hii isichelewe. Hata wiki hii naiomba."

Akalimwagia pombe, akalirushia maua, akalipitisha kwenye moshi. Kengele za makanisa zikaanza kulia mji mzima, baruti zikalipuka, watu wakainua juu vitu vyao. Nami nikainua sanduku langu juu kuliko wote, macho yamejaa machozi na moshi.

Kengele ziliponyamaza nikasikia kicheko. Nieves alikuwa ameinama, ameshika mbavu.

"Ameomba mwenyewe! Mama, umemsikia? Tena wiki hii hii!"

"Nini kinachekesha, wifi?"

"Fungua, wifi. Fungua uone unaenda na nani."

Nikalifungua lile kufuli kwa ukucha. Ndani mlikuwa na kitana, jozi ya ndala, na kigauni kilichokunjwa vizuri. Kilikuwa cha njano, chenye maua. Nikakikunjua, nikauona ule ushonaji wangu wa pindo, maana pindo nilikuwa nimelishona kwa mkono.

Nikamwonyesha mama mkwe.

"Hili ni gauni langu."

"Lilikuwa," Doña Eusebia akasema.

"Mlisema upepo..."

"Upepo wa kwetu una mkasi," akadakia Nieves.

Watu wa vibanda vya jirani wakacheka tena, kicheko kilekile walichomcheka yule dada wa jogoo mwenye makengeza. Doña Eusebia hakucheka. Akasogea karibu, akaongea taratibu kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Tafuta vizuri, camba. Umeona suruali humo? Umeona kiatu cha kiume? Hakuna. Safari ni yako peke yako. Umeiomba, umefukiziwa, na saa sita imepita. Mimi sijamfukuza mtu. Mimi nimekupa zawadi."

Nilitaka kumjibu, pumzi ikagoma. Kule juu hata hasira inataka hewa. Nikabaki nimetoa macho, nimeshika kigauni kile, na kila aliyepita aliniangalia kisha akamuuliza mwenzake kuna nini.

Nikasema moyoni: ngoja Grover aje. Grover akija na maharusi, huyu mama atalimeza sanduku lake.

Grover akaja.

Alitokea upande wa pili, kwa waganga wengine. Nywele zake zilikuwa na majani ya maua. Mkono mmoja ulikuwa ndani ya jaketi, amekumbatia kitu.

"Maharusi wako wapi?" nikamuuliza.

Akakaza mkono ndani ya jaketi.

"Grover, una nini humo?"

"Makaa."

"Makaa yanafukizwa?"

Nikamvuta mkono kwa nguvu ambayo sikujua ninayo. Kikatoka kuku wa plasta, tetea, mdogo, mweupe, amelowa pombe na kujaa maua. Sikuhitaji kuuliza. Jogoo ni wa mwanamke anayetaka mume. Tetea ni wa mwanamume anayetaka mke.

"Na mimi ni nani?" nikasema. "Niambie. Mwaka mzima unakula kwangu, unalala kwangu, mama yangu anakuita mkwe. Mimi ni nani, hadi ukafukiziwe tetea?"

"Zawadi haikataliwi," akaviambia viatu vyake.

Damu ikanichemka. Nikampokonya yule tetea, nikapanda juu ya kreti la chupa, nikamwinua juu ya mawe ya barabara.

Safu yote ya vibanda ikageuka kunitazama. Hata mganga akaacha kupepea moshi wake. Kila mtu pale alijua, hata mimi wa tambarare nilijua: tetea aliyefukizwa saa sita akivunjika, mwenye tetea haoi maisha yake yote. Unaweza kucheka ukisoma haya kwenye kiti chako. Pale hakucheka mtu.

"Mirtha," Doña Eusebia akaita.

"Lo! Kumbe nina jina?"

"Mirtha, mwanangu, nipe huyo."

"Nimekuwa mwanao tena?"

"Ni mtoto wangu wa kiume wa pekee. Nataka wajukuu. Nipe, nakuomba."

"Piga magoti."

Nieves akaguta. "We camba, una wazimu? Unamwambia mama yangu..."

"Mimi nimepiga, tena nikamshukuru. Na yeye apige."

Sikujua nina ukatili huo. Lakini hapa ndipo pa kusema kweli, kwa hiyo naisema: niliona utamu. Yule mama aliyetembea mtaani kwao kama mwenye mtaa, aliinua sketi zake za marinda, kisha akaona ni bure, akaziachia, akapiga magoti kwenye tope mbele ya wateja wake na washindani wake. Kofia yake nyeusi ikamdondoka. Kofia zile akina mama wa kule huzithamini kuliko macho. Ikinyesha, yeye hulowa na kofia huvalishwa mfuko wa nailoni.

"Haya, nimepiga," akasema. "Nipe."

"Wewe ndiye uliyemharibu Grover. Gauni wewe, sanduku wewe, kuku wewe."

"Gauni ni mimi, na sijuti hata kidogo. Lakini kuku si mimi."

"Usinidanganye ukiwa magotini."

"Nikudanganye una nini? Aliniomba mwenyewe tangu Jumapili. Alimchagua, akampaka rangi mwenyewe. Sanduku pia alilifikiria yeye. Alisema, mama, mimi siwezi kumwambia, mwambie wewe kwa zawadi, wewe hatakushangaa. Kuna msichana mji wa Oruro, binti wa wenye duka la vitambaa. Alisema wewe umemng'ang'ania na hajui atakutoa vipi."

Nikamtazama Nieves. Akatazama pembeni. Nikajua ni kweli kabla sijauliza.

Hata hivyo nikauliza.

"Ni kweli, Grover?"

Nilikuwa tayari kupokea chochote. Angesema ni uongo, ningeshuka kwenye lile kreti nikamsamehe, mjinga mimi. Angesema ni kweli, basi angalau ningesikia kwa mdomo wake. Nilikuwa nimemchukia mwanamke asiye na kosa hilo, nimemdhalilisha, na mwenye kosa alikuwa amesimama na maua kichwani.

Akanyanyua uso. Hakuniangalia mimi. Aliangalia mkono wangu.

"Usimvunje, Mirtha."

"Nimekuuliza, ni kweli?"

"Nakuomba. Usimvunje tu."

Akaanza kunijia, polepole, kama mtu anayemvizia kuku wa kweli. Mama yake alikuwa bado magotini katikati yetu. Grover hakumwinua. Hata mkono hakumpa. Alimzunguka, akapita, na kiatu chake kikaikanyaga ile kofia nyeusi, ikazama topeni. Hakugeuka kutazama alichokanyaga.

Doña Eusebia alikitazama kile kiatu kikipita. Akaiokota kofia yake, akaifuta kwa kiwiko, akajaribu kuirudishia umbo, haikurudi. Akainuka mwenyewe, akiegemea meza ya kibanda, tope likimdondoka magotini. Hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Mama, mwambie anipe," Grover akasema. "Mwambie!"

Yule mama akaivaa kofia yake ilivyo, imepinda na ina alama ya soli. Akanitazama juu ya kreti.

"Sikupendi, camba," akasema. "Usinielewe vibaya. Mimi na wewe hatutakula sahani moja, na basi la kwenu linaondoka jioni."

"Najua."

"Mvunje."

"Mama!"

"Mvunje huyo kuku. Mwanamume wa hivi asipelekwe kwa mtoto wa mtu."

Grover akapiga ukelele, akaruka kuudaka mkono wangu. Nieves akamshika jaketi kwa nyuma, sijui kwa kumzuia au kwa kumsukuma.

Nikafungua vidole.